Plagi za Lori la Mama Mkwe

Katika yadi yetu ya magari kuna fundi mmoja ambaye watu wote humwita Nusu, na kwa miaka mingi yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipenda hata akaniomba nimwandikie kwenye kibao. Mimi ni fundi rangi. Napiga rangi magari yaliyogongwa, na kukiwa hakuna ajali naandika vibao. Nikachukua bati, nikaandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: FUNDI NUSU, INJINI ZOTE. Akasimama mbele yake, kichwa kakiinamisha upande, kama bwana harusi anayeangalia picha yake, akasema nimetenda haki.

Alikuwa anaamini kwamba tulimwita Nusu kwa sababu kazi inayowachukua mafundi wengine siku nzima, yeye huimaliza kwa nusu ya muda. Nani alimwambia hivyo, sijui. Nadhani alijiambia mwenyewe, kisha akajiitikia.

Ukweli ni huu. Kuna malori fulani ya petroli, yale yenye pua pana na injini ya silinda nane, ambayo plagi zake ni balaa tupu. Plagi ya gari la kawaida ni kitu kifupi, unakifungua huku unapiga soga. Za malori haya ni ndefu, zimezama ndani ya shimo ambalo hata tochi inaona aibu kuingia, na kwa chini zina mguu mwembamba unaofika mpaka kwenye chumba cha moto. Zikikaa muda mrefu bila kuguswa, masizi yanajaa kuuzunguka ule mguu na kuukamata kama saruji. Sasa wewe weka spana, vuta kwa pupa. Utasikia mlio mdogo, mkavu, kama mtu amevunja biskuti kwenye chumba cha jirani. Sehemu ya juu inakuja mkononi, safi kabisa, na mguu unabaki kule chini. Hapo ndipo kilio kinapoanza, maana kidole hakifiki, koleo halifiki, na mara nyingi inabidi kichwa cha injini kifunguliwe chote.

Nusu alikuwa bingwa wa kutoa zile sehemu za juu. Jina lilitoka hapo.

Wala msidhani alikuwa hajui. Hilo ndilo lililotuudhi. Mjomba wake, aliyemfundisha kazi, alikuwa fundi wa kweli, na alimkaririsha njia yote mpaka ikaingia damuni: injini ipoe kwanza, shimo lipulizwe upepo vumbi litoke, plagi ilegezwe kidogo tu, robo ya mzunguko, imwagiwe dawa ya kuyeyusha masizi, halafu mtu akae asubiri. Ikishalowa, izungushwe mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa mkono mwepesi. Ikianza kulia, irudishwe ndani, iongezwe dawa, mtu akae tena. Nusu aliweza kukusomea yote hayo bila kukosea neno. Aliwasomea wateja, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Mteja akigeuka kwenda kununua maji ya kunywa, Nusu anachomeka spana na kuvuta.

Shida yake ilikuwa ni hapo penye kusubiri. Mtu huyu hakuwahi kuisubiri chai ipoe. Alikuwa akikusalimia, na kabla hujaitikia ameshakupa kisogo. Kwa mjomba wake aliondoka mafunzo yakiwa katikati, kwa sababu aliona ameshaelewa. Nyumba aliyoanza kujenga ilifika madirishani ikasimama, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuiwazia nyumba nyingine. Plagi ikikatika, alikuwa na maneno yake tayari. "Hii ilishakufa kabla haijafika kwangu," anamwambia mwenye gari, kwa sauti ya daktari anayewapa pole wafiwa. "Fundi aliyeifunga ndiye aliyeiua." Wakati mwingine fundi aliyeifunga alikuwa ni yeye.

Mke wake anauza kwenye duka la spea, ng'ambo ya barabara, nyuma ya wavu wa chuma. Ni mwanamke mtulivu, mwenye kusema maneno machache na kukuacha uyabebe nyumbani. Kila plagi iliyoingia yadini ilipita mikononi mwake. Hesabu ya zile alizozivunja mumewe alikuwa nayo kichwani, na hakuwahi kumtajia.

Basi Alhamisi moja asubuhi, lori likaingia. Lilikuwa la aina ileile ya pua pana, linatetemeka kama mgonjwa wa homa, linakosa moto silinda moja au mbili, na kila likikosa linatoa kikohozi cheusi. Nyuma limejaa viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Likasimama mbele ya gereji ya Nusu. Dereva, mzee mwembamba ambaye hulala popote anapoketi, akazima injini na kulala. Mlango wa pili ukafunguliwa, akashuka mama mkwe wake Nusu.

Mama huyu hukodisha viti na maturubai kwa shughuli. Ni mjane, na biashara hiyo aliijenga mwenyewe. Ni mtu mzima wa mwili na wa heshima, sauti yake iko chini, haina haraka, na ukimjibu hovyo anakutazama mpaka ulitafute jibu lingine. Alivuta kiti kimoja kutoka kwenye lori, akakifuta kwa upande wa kanga, akakiweka hatua chache kutoka kwenye boneti, akaketi.

Nusu alitoka mbio, mikono akiipangusa kwenye suruali. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, Mama. Karibu. Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema, ungejisumbua kufagia. Lori linakohoa. Nimeambiwa ni plagi." Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara. "Mwenzako ananiambia hakuna mtu anayezijua plagi za malori haya kama wewe."

Nusu aliangalia kule dukani. Mkewe alikuwa nyuma ya wavu anapanga makopo ya oili, hainui kichwa.

"Na Jumamosi kuna mahafali ya chuo," Mama akaendelea. "Viti vinatakiwa vifike kesho jioni. Nimeona nije nikae hapa nikuangalie. Nyumbani sina kazi."

Habari ilizunguka yadi upesi kuliko moshi wa tairi. Fundi wa kuchomelea akazima mashine yake. Fundi tairi akaja na ndoo yake akaigeuza akaikalia. Mimi nilikuwa na mlango wa gari niliokuwa nausugua msasa, nikauhamishia mahali penye kuonekana vizuri zaidi. Tukawekeana dau la soda. Fundi tairi alisema ya kwanza itakatika. Mchomeleaji alisema ya pili, maana ya kwanza ataifanyia adabu. Hakuna aliyesema hazitakatika. Sisi si watu wabaya, ila tulikuwa tunamfahamu.

Nusu akafungua boneti. Akatoa spana yake yenye mpini aliourefusha kwa kipande cha bomba, akapanda kwenye bampa.

"Hilo bomba la nini, baba?" Mama akauliza.

"La kuongeza nguvu, Mama."

"Nguvu inatakiwa?"

Akalitazama bomba. Kwa mteja mwingine angesema ndiyo. "Haitakiwi, Mama. Si sana."

"Na hii injini mbona bado ina moto? Mimi nimekaa huku na joto lake linanifikia. Inafunguliwa hivihivi?"

"Inatakiwa ipoe kwanza."

"Basi ishuke moto. Njoo ukae."

Akashuka kwenye bampa. Kukaa kwenyewe kulimshinda. Alikalia kopo la rangi, akainuka, akakalia tairi, akainuka. Mama akamwacha amalize kuhangaika, kisha akaanza kumjulia hali. Hapo ndipo nilipomwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Ile nyumba imefika wapi?"

"Madirishani, Mama."

"Mwaka juzi ilikuwa madirishani."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulisema unarudi kwa mjomba wako umalizie kazi aliyokuwa anakufundisha."

"Nilimaliza nyingi, Mama. Zilibaki kidogo."

"Zilibaki zipi?"

Nusu akaiangalia injini, nayo ikakataa kupoa haraka kwa ajili yake. Fundi tairi akajifanya anatafuta kitu ndani ya ndoo aliyoikalia.

Injini ilipopoa, Nusu akatoa koili zilizofunika plagi, akapuliza mashimo kwa kompresa, vumbi likaruka likamjaa usoni. Akaweka spana fupi, ya kawaida, akalegeza kila plagi robo ya mzunguko. Tulikuwa tumetega masikio kungoja ule mlio wa biskuti. Hakuna kitu. Akamimina dawa ndani ya mashimo, taratibu, kama mtu anayemwekea mtoto dawa ya macho. Kisha akageuka, akamwona mama mkwe wake, akakumbuka kwamba kinachofuata ni kusubiri tena.

Mama alikuwa anasoma kibao changu. "Fundi Nusu," akasema. "Kwa nini Nusu?"

Uso wa mtu yule ukachangamka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Wameniita hapa yadini, Mama. Kazi ya siku nzima mimi naimaliza kwa nusu ya muda."

"Ala. Ni kweli?" Aliniuliza mimi.

Mimi nikakohoa. Nikasema mimi ni mtu wa rangi tu, mambo ya injini yananipita. Nikasugua mlango pale ambapo palikuwa pameshasuguliwa. Lakini mchomeleaji ni mtu asiyejua kukohoa. Miwani yake ya kazi akaisogeza juu ya paji la uso, akasema kwa upole wote, "Mama, tunamwita Nusu kwa sababu plagi anazitoa nusu. Hiyo nyingine hubaki ndani."

Sijawahi kuona jina likimvuka mtu kama nguo. Nusu alituangalia mmoja mmoja. Mtu aliyetukanwa hukasirika. Huyu alionekana kama mtu aliyesoma barua mbele ya watu kabla hajajua imeandikwa nini. Akakitazama kibao. Akanitazama mimi niliyekiandika. Nilitaka kusema mteja ndiye aliyechagua maneno, lakini nikarudi kusugua mlango.

Wakati huohuo mkewe akavuka barabara na chupa ya chai na vikombe. Akamsalimia mama yake, akamimina, akampa. Nusu akamfuata mpaka kando ya lori, mahali alipodhani hatumsikii.

"Wewe ulikuwa unajua kwa nini wananiita Nusu?"

"Mimi ndiye ninayekuuzia plagi," mkewe akasema.

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo. Kunywa chai, ina moto, usubiri kidogo."

Akarudi dukani. Nusu akabaki na kikombe mkononi. Nilitarajia atakitupa, nikaona amekishika tu, anakiangalia kinatoa mvuke. Kisha akaketi juu ya tairi, mbali kidogo na sisi, na safari hii hakuinuka. Dawa ikafanya kazi yake kule chini. Mama naye hakumuuliza neno lingine. Alijua kukatisha maswali kama anavyojua kuyaanza.

Nusu alipoinuka, hakuligusa bomba. Alipanda kwenye bampa, akaweka spana kwenye plagi ya kwanza, akaizungusha mbele kidogo, nyuma kidogo. Tuliona mgongo wake tu, shati limelowa jasho katikati. Mbele, nyuma. Plagi ikalia, mlio mwembamba wa vyuma vinavyochubuana. Mkono ukasimama. Mimi najua mkono ule ulitaka nini; niliuona ukikaza, mishipa imetoka. Akairudisha ndani. Akaongeza dawa. Akasubiri palepale, amesimama juu ya bampa kama taa ya barabarani. Akazungusha tena. Ikaacha kulia. Akaanza kuipandisha kwa vidole.

Ikatoka nzima.

Nyeusi, imechafuka masizi, mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, na chini yake mguu wake wote. Nusu aliigeuza, akautazama ule mguu kwa muda mrefu. Kumbe ndivyo ulivyo. Katika kazi yake yote alikuwa ameuona kwa nadra kiasi kwamba sasa alikuwa kama anatambulishwa kwa ndugu wa mbali.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" Mama akauliza.

"Ndiyo hii, Mama."

"Mbona ni ndefu hivyo."

Fundi tairi alikuwa ameshakosa soda yake, akaondoka kwa hasira kwenda kuziba pancha. Ya pili ikatoka nzima, mchomeleaji naye akakosa, akawasha mashine yake na kuanza kuchomelea geti ambalo mwenyewe hakuwa analihitaji mpaka wiki inayofuata. Mpaka jua linaanza kushuka, plagi zilikuwa zimelala kwenye gazeti kwa mstari, zote na miguu yao, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa ya nyuma kabisa, chini ya ukuta wa kabini, mahali ambapo mtu anaingiza mkono kama anayemsaidia ng'ombe kuzaa. Ililia kila ilipoguswa. Nusu akairudisha, akaijaza dawa, akafunga boneti.

"Hii ilale na dawa, Mama. Tutaiona kesho."

Mama akamwamsha dereva, wakaenda kwa teksi.

Ijumaa asubuhi akaja tena, lakini hakuwa mama wa jana. Simu yake haikukaa kimya. Watu wa mahafali walitaka viti mapema; walikuwa wamebadilisha saa; walikuwa wanataka kujua kwa nini vitu vidogo vinakuwa vigumu. Kila akikata simu, alikuwa anaitazama ile boneti iliyo wazi kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaga. Nusu aliijaribu plagi, ikalia, akairudisha, akamwaga dawa, akaketi. Akaijaribu tena. Ikalia.

Ilipokaribia mchana Mama akasimama. "Baba, hiyo iliyobaki ni moja tu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi sasa ivute."

Yadi nzima ilisikia. Mchomeleaji akainua miwani.

"Itakatika, Mama," Nusu akasema.

"Labda haitakatika."

"Itakatika. Ninaujua mlio wake."

Na hilo, kwa haki kabisa, hakuna aliyeweza kumbishia. Hakuna mtu mjini aliyeusikia mlio ule mara nyingi kuliko yeye.

"Nina watu wananisubiri," Mama akasema. Sauti ilikuwa chini vilevile, lakini sasa ilikuwa na haraka, na haikuzoeana nayo. "Ikikatika tutashughulika nayo baada ya shughuli. Vuta, mwanangu."

Nusu alikuwa amepauka midomo. Mimi nimemwona mtu huyu akibishana na askari wa barabarani, na mwenye nyumba, na mbwa. Mbele ya mama mkwe wake hajawahi kumaliza sentensi yenye neno hapana ndani yake. Aliiweka spana chini, juu ya gazeti, kando ya plagi zilizotoka.

"Sivuti, Mama," akasema. "Unisamehe. Tafuta gari lingine la kubeba viti. Hii nitaingoja."

Dereva aliyekuwa amelala ndani ya kabini aliamka, na huyo hakuamka hata siku tairi lilipomlipukia. Mama akamtazama mkwewe kwa ile namna yake ya kumtazama mtu mpaka abadilishe jibu. Nusu aliinama, akaangalia viatu vyake, lakini jibu hakulibadilisha. Mwisho Mama akafungua simu, akampigia mtu mwenye pikapu, akagombana naye kidogo kwa ajili ya desturi. Pikapu ikaja, viti vikahamishwa, sisi sote tukibeba, pamoja na Nusu aliyebeba vingi kuliko wote bila kuinua macho. Mama akapanda mbele akaondoka. Hakuaga.

Mchana ule hakuna aliyemsemesha. Kwanza tulikuwa tunajaribu kuelewa kama alichokifanya ni ushujaa au ni ukorofi wa aina mpya. Pili ilikuwa Ijumaa, kila mtu anataka kufunga mapema. Mmoja mmoja wakaondoka. Nilibaki mimi, kwa sababu rangi niliyoipiga kwenye mlango ilikuwa bado mbichi, na inzi wa yadi yetu wanapenda rangi mbichi.

Nikasikia ananiita. "Rangi. Njoo."

Nikaenda. Alikuwa ameshika plagi ya mwisho. Nzima. Mkono wake wote umechubuka kuanzia kiwiko, mweusi kwa dawa na masizi.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Iangalie vizuri."

Nikaiangalia vizuri. Nikaigeuza upande wa pili, nikaiangalia na huko. Alikuwa anageuza shingo huku na huku, anatafuta macho mengine, na hapakuwa na mtu. Hata duka la ng'ambo lilikuwa limeshateremshwa shata. Jambo la maana kuliko yote katika kazi yake lilitokea mbele ya mtu wa rangi, ambaye akili yake ilikuwa kwa inzi. Nikampa mkono, akanipaka masizi.

Akafunga plagi mpya, miguu yao ameipaka grisi kidogo kama alivyofundishwa zamani, akazikaza kwa kipimo. Lori likawaka kwa mguso mmoja, likaunguruma kwa utulivu, halikohoi.

Mama alikuja kulichukua Jumatatu. Sote tulikuwa na kazi karibu na pale, kazi ambazo siwezi kuzikumbuka. Alisikiliza injini, akazunguka lori, akagusa boneti.

"Viti vilifika," akasema.

"Afadhali, Mama."

"Linawaka vizuri." Akapanda. Kisha akateremsha kioo. "Wewe ni mkaidi."

"Ndiyo, Mama."

"Sikuwa nalijua hilo," akasema, akamwashiria dereva waondoke. Kama ilikuwa sifa au shutuma, mke wake Nusu anasema mama yake hajawahi kutofautisha hayo mawili.

Siku chache baadaye nilikwenda dukani kununua msasa, nikamuuliza yule mke kama alimtuma mama yake makusudi. Alikuwa anazungushia mpira kwenye boksi.

"Mama ndiye mtu pekee ambaye mume wangu hawezi kumpa kisogo," akasema. "Nilikuwa nasubiri lori liharibike. Lilichukua muda mrefu, ni lori imara." Akanipa msasa. "Lakini hilo la kumkatalia sikulipanga. Hilo ni lake."

Sasa mngependa niwaambie kwamba baada ya hapo tulipata jirani mwema. Tulipata msiba. Mtu aliyeonja subira ukubwani ni kama mtu aliyeacha sigara jana: hana mazungumzo mengine. Nusu alianza kusubiri vitu visivyosubiriwa. Aliisubiri taa ya mbele ipoe kabla ya kubadilisha balbu. Mteja akija kuongezewa upepo, alimketisha akamweleza madhara ya pupa. Alimfundisha fundi tairi jinsi ya kulegeza nati, fundi tairi ambaye amelegeza nati tangu Nusu akiwa bado ananyonya. Alinisimamia mimi, akiangalia rangi ikikauka, akaniambia kwa upole kwamba anaiona inaharakishwa. Kibao nilimwambia nitakibadilisha bure. Akakataa. Akasema kikae, watu waone mtu anaweza kutoka wapi. Wateja walikuwa hawaoni chochote. Walisoma Nusu, wakadhani ni bei.

Tukawa tunaomba kimoyomoyo avunje moja.

Akavunja. Lilikuwa lori la maji la mtu tusiyemjua, siku ya joto, na tayari alikuwa ametoa plagi nne nzima na kuzihutubia. Kwenye ya tano sijui nini kilimpitia. Pengine alichoka. Pengine alijiamini. Nilisikia ule mlio, mdogo, mkavu, na nadhani kila mtu yadini aliusikia, kwa sababu nyundo zote zilinyamaza. Nusu alitoa spana akaiangalia ile nusu ya juu, safi kabisa.

Mwenye lori alikuwa amekaa kivulini anapangusa shingo, hana habari. Hakuwa amesikia kitu. Tukasogea. Tulitaka kusikia tena yale maneno ya zamani, kwamba plagi ilishakufa, kwamba fundi aliyeifunga ndiye aliyeiua, tulikuwa tumeyakosa. Nusu akashuka, akamwendea yule mtu, akamwonyesha kiganja.

"Nimeivunja," akasema. "Ni mimi. Nilivuta wakati ilikuwa inanilia. Injini nitaifungua mwenyewe, kazi yake ni juu yangu."

Yule mtu alifungua mdomo kugomba, akakuta hana pa kuanzia. Na pengine angesamehe palepale, ingekuwa imekwisha, kama Nusu angeishia hapo. Lakini alivuta kopo la rangi akaketi mbele yake, akaanza kumweleza ilivyotakiwa kufanyika, tangu kupoza injini, kupuliza shimo, robo ya mzunguko, na wapi hasa mkono wake ulipokosea, na mkono ulihisi nini kabla ya kukosea. Mwenye lori la maji alisikiliza, akasikiliza, mpaka akaomba apewe maji ya kunywa.